UKINGO WA MTO NI WA NANI?



Tukizunguka Sirisia wakati wa kiangazi tunakuta jambo moja: sukuma wiki na vitunguu vimelimwa mpaka majini, kando ya mto Malakisi na vijito vinavyouingia. Ukimwuliza mwenyewe, atakujibu, "Shamba langu linaishia hapa. Hati ninayo." Basi tuelezane.

Mto si wa mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inauhesabu kuwa ardhi ya umma. Ukingo waweza kuwa ndani ya hati yako, lakini sheria ya maji inakuwekea masharti. Hunyang'anywi shamba, ila hapo huwezi kufanya upendavyo.

Kipimo je? Kanuni za maji za 2007 zilitaja upana wa mto wenyewe, kila upande, usipungue mita 6 wala kuzidi mita 30. Kijito cha mita 3 kinaachiwa mita 6. Mto wa mita 12 unaachiwa 12. Pimeni kuanzia juu ya ukingo, si pale maji yanapopita Januari. Ndani ya kipimo hicho kanuni zilikataza kulima, kukata miti ya kienyeji, kujenga, kuchimba udongo na kutupa taka.

Sababu ni hii. Mizizi hushika udongo, na majani huzuia mbolea na dawa zisiingie majini. Ukilima ukingo, mvua ya Aprili inabeba udongo wako, na mwaka ujao ukingo wenyewe unamomonyoka. Nao Malakisi hauishii kwetu. Unatoka Mlima Elgon na kuingia Uganda. Uchafu wa walio juu tunaunywa sisi, na wetu wanaunywa walio chini.

Mfanye nini?

1. Iteni liguru na majirani wa pande zote mbili. Pimeni kwa kamba, kila mtu akiona.
2. Pandeni nepia, mianzi na miti ya kienyeji kama mkuyu. Nepia mtakata mkalishe ng'ombe bila kulima tena. Mikaratusi isikae hapo, inakunywa maji mno.
3. Wekeni njia moja tu ya ng'ombe kwenda kunywa.
4. Ulizeni habari za chama cha watumiaji maji. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama hivyo.

Sasa neno gumu. Yuko mama mjane ambaye kipande cha mtoni ndicho jikoni kwake. Tukianza naye, tumemwonea. Waanze wanakamati na wenye mashamba makubwa, waonekane wakirudi nyuma. Yule mama apewe kazi ya kitalu cha miche, na sehemu ya nepia iwe yake. Bila hivyo, vigingi vitang'olewa usiku.

Jadilianeni kikundini:
– Kwetu, nani amelima karibu zaidi na mto, na kwa nini?
– Nani atakuwa wa kwanza kurudi nyuma?
– Tutamsaidiaje atakayepoteza mboga?