Kipandauso: soma hapa kabla hujanunua chupa

Mwezi wa Rajabu alinijia zahanati dada mmoja, fundi cherehani, kichwa amekikaza kanga kama mwenye msiba. Alipoketi akamwaga mezani vilivyomo mkobani: chupa tatu za virutubisho alizouziwa na jirani yake kwa karibu shilingi laki moja, pakiti mbili za dawa za maumivu, moja imekwisha, na kichupa cha mafuta ya habasoda. Akasema, "Daktari, nimejaribu kila kitu, na kichwa kinazidi."

Ndugu msomaji, maradhi ya dada huyu ni kipandauso. Waarabu huyaita shaqiqa, neno lenye asili ya kupasua kitu nusu kwa nusu, kwa kuwa mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa. Kichwa hudunda, tumbo huchafuka, mwanga na kelele havivumiliki, na asipotibiwa mgonjwa huweza kulala nacho saa 4 hadi 72. Wanawake huugua karibu mara tatu ya wanaume, na mara nyingi huandama ukoo. Basi wale wanaosema fulani anajidekeza, au ana pepo, wamwache apumzike kwenye chumba chenye giza.

Kabla ya kugusa chupa zake nilimwuliza: kwa mwezi unameza dawa za maumivu siku ngapi? Akahesabu vidole, vikamwishia. Zilifika kama siku 20. Hapo ndipo penye tatizo ambalo wengi hawalijui. Mwenye kipandauso akimeza parasetamo au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, au vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini siku 10 au zaidi, na akaendelea hivyo kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Anaamka nacho, anameza, kinatulia, kesho kinarudi. Kuna vidonge vya aina hii vinavyouzwa dukani pamoja na sukari na kiberiti, na muuzaji haulizi kitu.

Sasa tuje kwenye chupa. Ya kwanza ilikuwa magnesiamu, na hii si ubabaishaji. Huko Ujerumani, mwaka 1996, wagonjwa 81 waligawanywa, baadhi wakapewa miligramu 600 kwa siku na wengine kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 12. Mwishoni idadi ya mashambulizi ilipungua kwa takriban asilimia 42 kwa waliotumia madini hayo, na asilimia 16 kwa wenzao. Ubaya wake ni kuharisha. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari, na anayetumia doksisaiklini au siprofloksasini asivimeze pamoja na magnesiamu, apishanishe kwa saa kadhaa, kwani madini hayo huizuia dawa isiingie mwilini.

Ya pili ilikuwa vitamini B2, yaani riboflavini. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 55 waliofuatiliwa miezi mitatu. Kati ya waliopewa miligramu 400 kwa siku, asilimia 59 walipata nafuu ya nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 15 ya wasiopewa. Mkojo hugeuka njano kali, usiogope. Lakini tuseme kweli: kipimo hicho hakipatikani kwa chakula. Kikombe cha maziwa kina kama nusu miligramu tu. Chupa ya dada yangu ilikuwa na miligramu 10 kwa kidonge, akimeza kimoja. Jirani hakumdanganya jina la dawa. Kipimo ndicho hakukijua.

Ya tatu niliiweka kando. Ilikuwa na mmea ambao kwenye lebo huandikwa butterbur, au Petasites. Mwaka 2012 madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani waliupendekeza kwa kipandauso. Mwaka 2015 wakaurudisha nyuma mwongozo wao, kwa sababu ya madhara kwenye ini. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni mti shamba, hauna madhara", mwulize amelipima ini la nani.

Magnesiamu ya chakula ni rahisi: mbegu za maboga, korosho, maharage, mchicha, na ugali wa dona badala ya sembe. Muhimu zaidi ni kula kwa saa zake, kunywa maji na kulala vya kutosha. Kwa Ramadhani, wanywaji wa kahawa na chai ya rangi wapunguze kidogo kidogo wiki mbili kabla, kwani kichwa cha siku za mwanzo mara nyingi ni kiu ya kafeini. Na daku isiachwe.

Kuhusu kuumikwa: imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliumikwa kichwani kwa ajili ya shaqiqa. Anayetaka, aende kwa mwumikaji mwenye glavu na wembe mpya unaofunguliwa mbele yake. Wembe mmoja kwa watu wawili ni njia ya virusi vya homa ya ini na UKIMWI. Habasoda kwenye chakula ni sawa, ila ushahidi wake kwa kipandauso bado ni mdogo. Mjamzito asianze chupa yoyote kabla ya kuuliza kliniki.

Yapo maumivu ya kukimbilia hospitali: kichwa cha ghafla kinachopiga kwa nguvu zote, homa na shingo ngumu, mkono au mguu kulegea, kichwa kipya baada ya miaka 50, au kichwa cha mjamzito anayeona ukungu.

Dada nilimwachisha vidonge vya kila siku (wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, nilimwonya), nikamwanzishia amitriptilini kidogo usiku, nikamwachia magnesiamu, nikampa daftari aandike kila siku yenye kichwa. Virutubisho havipimwi kwa wiki moja, ni miezi miwili hadi mitatu. Alirudi Shawali. Siku 20 zilikuwa zimebaki 7, na za dawa 5. Bado kinamshika akikosa usingizi wakati wa nguo za sikukuu. Ile chupa ya tatu alikuja nayo ikiwa haijafunguliwa, akauliza kama inafaa kumrudishia jirani na kudai fedha yake.