Pumzi ya Injini ya Pikipiki

Wasikilizaji wetu, katika nchi ya Singida, toka Manyoni hata Iramba, pikipiki imekuwa miguu ya watu wengi. Hupeleka wagonjwa zahanati na magunia ya alizeti sokoni. Injini ikifa, riziki ya nyumba nzima hukatika. Kwa hiyo leo twataka kueleza kitu kidogo ambacho wengi hukidharau, nacho ni bomba la kupumulia.

Kila mtu ajua ya kuwa injini huvuta hewa kwa njia ya kabureta. Lakini chini ya pistoni mna chumba chenye oili, nacho pia hupumua. Pistoni ishukapo huisukuma hewa ya chumba hicho, ipandapo huivuta. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, jambo hili hutendeka mara 100 kila sekunde. Tena moshi kidogo hupenya kando ya ringi ukaingia humo. Hewa hiyo isipopewa njia hujitafutia, ikaitoa oili penye gasketi na sili. Mwenye pikipiki hununua sili mpya, na baada ya siku chache yavuja tena, maana ugonjwa haukuwa katika sili.

Kiwandani bomba hili huunganishwa na sanduku la kuchujia hewa, ili mvuke urudi silindani ukaungue. Lakini wako waondoao sanduku hilo wapate nguvu au mlio mkubwa, wakaliacha bomba likining'inia karibu na gurudumu la nyuma. Madhara yake ni mawili. Kwanza, bomba huvuta vumbi la kiangazi, nalo husaga vyuma kama jiwe la kusagia. Pili, oili hudondoka juu ya gurudumu, na mwendeshaji huteleza na abiria wake.

Basi, yafaa nini? Lililo bora ni kulirudisha sanduku. Asiyeweza na afanye hivi: atwae mpira usioharibiwa na oili, wenye tundu lisilopungua lile la injini, aupandishe juu kwanza ili oili irudi yenyewe, mbali na ekzosi, wala usikunjike. Mwisho wake autie katika kikopo chenye kichujio juu, akimwage mara kwa mara. Akiweka vali ya njia moja, hewa itoke tu isiingie, vumbi halitapata mlango. Lakini kabla ya kuifunga aipulize kwa mdomo upande wa injini: pumzi ipite. Vali iliyogeuzwa huziba pumzi yote, na hasara yake ni kubwa kuliko kutokuwa na vali.

Neno la mwisho: ikiwa moshi mwingi watoka bombani hata baada ya hayo, ringi au silinda imelika. Hapo bomba si dawa. Mwiteni fundi mapema, kabla injini haijafa njiani.