Chembe za chuma zakwama kwenye picha, zauzika kwenye damu

Wawekezaji wanaovutiwa na hisa za kampuni za chembe nano za tiba wana la kujifunza kwa Advanced Magnetics ya Marekani, iliyobadili jina kuwa AMAG mwaka 2007.

Mwaka 1996 kampuni hiyo iliruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, kuuza Feridex. Hizo ni chembe za oksidi ya chuma, ndogo mno kiasi kwamba upana wa unywele mmoja huchukua mamia yake. Zikiingia mwilini, seli fulani za ini lenye afya huzimeza, na ini huonekana jeusi kwenye picha za MRI. Uvimbe wa saratani kwa kawaida hauna seli hizo, hivyo hubaki mweupe.

Kitaalamu bidhaa ilifanya kazi, kibiashara ilisuasua. Feridex iliingizwa kwa dripu ya nusu saa hivi, ilhali dawa shindani za gadolinio hudungwa mara moja mgonjwa akiwa mashineni, na muda wa MRI ni fedha. Utengenezaji ulisimamishwa mwaka 2008. Dawa nyingine, Combidex, ya kutafuta saratani kwenye tezi za limfu, ilikuwa imekwama mwaka 2005 baada ya washauri wa FDA kukataa kuunga mkono matumizi yake mapana.

Mkombozi alikuwa Feraheme, iliyoidhinishwa mwaka 2009. Nayo ni chembe za chuma, lakini za kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Hesabu iligeuka: picha moja ya Feridex kwa mtu wa kilo 70 ilitumia miligramu 39 hivi za chuma, wakati dozi moja ya Feraheme ni miligramu 510, na hutolewa mara mbili.

Hata hivyo, mwaka 2020 Covis iliinunua AMAG kwa dola 13.75 tu kwa hisa. Bei hiyo ilibeba pia matatizo ya dawa nyingine ya kampuni, ya kuzuia uzazi wa kabla ya wakati.

MagForce ya Berlin ilichagua saratani yenyewe. Chuma hudungwa ndani ya uvimbe wa ubongo, kisha hupashwa moto kwa sumaku. Kasoro yake ni kwamba chuma hicho huharibu picha za MRI za kufuatilia ugonjwa. Kibali cha Ulaya kilipatikana mwaka 2010. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kufilisika.