Gari Refu, Miguu Mifupi: Kuchagua na Kufunga Vidato vya Pikapu

Pikapu ilibuniwa iwe gari la mzigo, lakini hapa Bujumbura imekuwa gari la nyumba pia. Asubuhi huwapeleka wafanyakazi maofisini, adhuhuri hubeba saruji au maharagwe, na Jumamosi huwachukua wazee wanaokwenda kupeleka mahari, au mgonjwa anayekimbizwa hospitalini. Aliyeibuni alifikiria zaidi mawe ya njiani kuliko magoti ya bibi. Ndiyo sababu sakafu yake iko juu sana, na ndiyo sababu kupanda na kushuka kwake si jambo jepesi kwa kila mtu.

Kijana mwenye nguvu hulirukia gari hilo bila kufikiri. Lakini mama mjamzito, mzee mwenye maumivu ya goti, mtoto wa darasa la kwanza, au mwanamke aliyejifunga imvutano kwa ajili ya sherehe, hawezi kuinua mguu kiasi hicho. Tena kupanda kwenyewe ni taabu ndogo. Hatari kubwa iko katika kushuka. Anayeshuka haoni vizuri mahali unapotua mguu wake, na uzito wake wote huangukia upande mmoja. Mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni hauungi upesi, na aghalabu mwenye kuvunjika huwa tegemezi nyumbani kwa muda mrefu. Kwa hiyo suala la vidato vya pembeni, yaani vile vyuma virefu vinavyofungwa chini ya milango ili watu wavikanyage, si suala la pambo. Ni suala la usalama wa jamaa.

Vidato hivi si jambo geni. Magari ya mwanzo ya karne iliyopita yalikuwa navyo karibu yote, kwa kuwa yalirithi umbo la magari ya farasi. Kadiri bodi za magari zilivyopanuliwa na kushushwa, hasa kuanzia miaka ya 1930, vidato vilipotea, ingawa Volkswagen ile ya umbo la kobe iliendelea kuwa na ubao wake wa pembeni hadi ilipoacha kutengenezwa huko Mexico mwaka 2003. Pikapu, ambazo zilibaki juu, ndizo zilizovirudisha. Toyota Hilux, ambayo wasomaji wetu wengi wanaifahamu, ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968, na vizazi vyake vya baadaye vimekuwa vikubwa kuliko vile vya mwanzo.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Makosa mengi hutokea dukani, si gereji. Mtu huona chuma kinachong'aa, akakipenda, akakilipia, kisha akakuta hakilingani na gari lake. Yafaa uanze na tepu ya kupimia, gari likiwa limesimama mahali tambarare na matairi yakiwa na upepo wa kutosha.

Kwanza, pima urefu kutoka nyuma ya tairi la mbele hadi mbele ya tairi la nyuma, chini ya milango. Pikapu ya milango miwili na ya milango minne hazilingani hata kidogo. Kidato kisizidi nafasi hiyo, na kisikaribie tairi kiasi cha kuguswa usukani unapokatwa hadi mwisho.

Pili, pima kimo kutoka chini hadi kizingiti cha mlango. Tuseme umepata sentimita 64. Kidato kikifungwa sentimita 38 kutoka chini, mpandaji atainua mguu sentimita 38 mara ya kwanza, na 26 mara ya pili. Ngazi ya nyumba huwa na kimo cha kama sentimita 18. Maana yake ni kwamba hata baada ya kufunga kidato, hatua ya kwanza bado ni mara mbili ya hatua ya ngazi. Kwa mzee dhaifu, basi, kidato peke yake hakitoshi. Hapana budi pawe na mshikio imara ndani ya mlango, na mtu wa kumpa mkono.

Hapo ndipo mvutano unapoanza. Kidato kikishushwa, bibi hufurahi. Lakini barabara hukasirika. Anayepita barabara nzuri hana shida sana, lakini anayeingia njia za udongo za milimani wakati wa masika, au anayepita sehemu za Gatumba ambako mafuriko yamerudiarudia tangu mwaka 2020, anahitaji tumbo la gari liwe juu. Kidato kilichoning'inia chini huwa cha kwanza kugonga jiwe au ukingo wa mtaro. Kanuni iliyo nzuri ni hii: miguu iliyo dhaifu kuliko yote katika nyumba yako ndiyo iamue kidato kishuke kiasi gani, na barabara iliyo mbaya kuliko zote unazopita mara kwa mara ndiyo iweke mpaka. Kati ya mambo hayo mawili, tepu itakata shauri.

AINA ZAKE

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni bomba la mviringo au la umbo la yai, lenye vipande vya mpira mahali pa kukanyagia. Hili ni imara na hustahimili kugongwa, lakini sehemu isiyo na mpira huteleza mvua inaponyesha. Ya pili ni ubao bapa wa chuma au wa alumini, wenye mifereji juu. Huu hupokea kiatu vizuri zaidi, nao huwafaa watoto na wazee, ila hukusanya matope.

Upana wa mahali pa kukanyagia usipungue nusu ya kiatu cha mtu mzima. Jaribu papo hapo dukani: weka mguu, uone kama kisigino kinabaki hewani kupita kiasi. Kadhalika, kidato kisitokeze nje kupita matairi, kwani barabarani mwetu kuna waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wengi, na chuma kinachotokeza ni hatari kwa miguu yao.

Kuhusu madini yenyewe, chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ni rahisi kwa bei, lakini rangi ikichubuka kutu huingia. Chuma kisichoshika kutu hudumu, ila bei yake ni kubwa. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini inapogusana moja kwa moja na chuma cha kawaida mahali penye maji, huliwa polepole. Hivyo huwekwa washa za nailoni katikati.

VINAVYOFAA GARI LOLOTE

Madukani kuna vidato vilivyotengenezwa kwa ajili ya gari la namna moja tu, na vingine vinavyosemwa kwamba vinafaa gari lolote. Hivi vya pili vina mikono ya chuma yenye matundu marefu, ili boliti iweze kusogezwa huku na huku. Faida yake ni kwamba hupatikana kwa urahisi, na ukibadilisha gari unaweza kwenda navyo. Hasara yake ni kwamba neno "lolote" lina mipaka. Uliza mikono mingapi hutolewa kwa kila upande. Kwa pikapu ya milango minne, mitatu ni bora kuliko miwili. Uliza uzito unaoweza kubebwa. Omba karatasi ya maelekezo. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo matatu anauza chuma tu, hauzi kidato.

Njia nyingine ni kumwagizia fundi wa kuchomelea. Buyenzi inajulikana kwa mafundi wake wa magari na wa vyuma, na kazi yao hupunguza haja ya kuagiza bidhaa ng'ambo. Hakuna ubaya, mradi kidato kichomelewe mezani, mbali na gari, kisha kifungwe kwa boliti. Mwambie fundi aache tundu dogo upande wa chini wa bomba, maji yasije yakatuama ndani na kuliozesha.

NAMNA YA KUVIFUNGA

Pikapu nyingi zina chasisi ya chuma chini, na juu yake bodi imeketi juu ya mipira. Wakati wa safari, bodi hutikisika kidogo peke yake na chasisi peke yake. Kwa sababu hiyo kidato kishikwe na kimoja tu kati ya viwili hivyo, na kilicho bora ni chasisi. Mkono ulioshikwa na vyote viwili utavutwa huku na huku mpaka upasuke, au upasue bodi.

Kazi yenyewe yaweza kufuata utaratibu huu:

1. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye matairi, na ngoja bomba la moshi lipoe.

2. Panga vifaa vyote chini na uvihesabu. Tenga vya kulia na vya kushoto, kwani aghalabu havifanani.

3. Ingia chini, safisha matope kwa brashi, na utafute matundu yaliyoachwa na kiwanda kwenye chasisi. Hayo ndiyo ya kutumia kwanza. Boliti za zamani zilizoshika kutu zipakwe mafuta na kuachwa kwa muda kabla ya kufunguliwa.

4. Angalia mahali zinapopita pipa za breki, pipa za mafuta na nyaya za umeme. Mkono wa kidato usizibane wala usizisugue.

5. Funga mikono yote kwa vidole tu, bila kukaza. Kisha weka kidato juu yake, ukisawazishe mbele na nyuma, na uache nafasi ya kama vidole viwili kati ya kidato na bodi.

6. Kaza kwanza boliti zinazoshika chasisi, halafu zinazoshika kidato. Tumia nati zenye nailoni au washa za springi. Karatasi ya kiwanda ikitaja nguvu ya kukaza, ifuate. Isipotaja, boliti ya milimita 8 yenye alama 8.8 hukazwa kwa kama Nm 25, na ya milimita 10 kwa kama Nm 50.

7. Mtu mzima asimame juu ya kidato, mbele, katikati, na nyuma, ajitikise. Kisipinde wala kulia. Fungua milango yote, na ukate usukani hadi mwisho pande zote mbili.

Ikiwa hapana budi kutoboa tundu, litobolewe ubavuni mwa chasisi tu, kamwe lisitobolewe kwenye ukingo wake wa juu au wa chini, kwani kingo hizo ndizo zinazobeba nguvu kubwa. Kabla ya kuwasha keekee, tazama kilichoko upande wa pili. Tundu likiisha tobolewa, lipakwe rangi ya kuzuia kutu.

Fundi akikushauri achomelee kidato moja kwa moja kwenye chasisi, kataa kwa upole, lakini kataa. Moto wa kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma, na ufa waweza kuanzia hapo. Tena tangi la mafuta liko karibu, na umeme wa mashine unaweza kuharibu vyombo vya gari. Rahisi huvunja upishi.

KUVITUMIA KWA AKILI

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Nchini Burundi magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara, ilhali magari mengi yaliyokwisha tumika Japani huja yakiwa na usukani kulia, kwa desturi ya kule. Matokeo yake ni kwamba katika gari kama hilo dereva hushukia kando ya barabara, na abiria wa mbele hushukia katikati, magari yanakopita. Kidato kizuri upande huo kinaweza kumkaribisha mtu hatarini. Katika gari la milango minne, mzee na mtoto waketi nyuma upande wa kulia, nao washukie upande huo tu.

Pili, kidato ni cha kupandia gari lililosimama. Si mahali pa kusafiria. Kila anayepanda kwenda Bugarama, kutoka kando ya ziwa mpaka kimo cha zaidi ya mita 2,000, amewaona vijana wa baiskeli wakijishikiza nyuma ya malori ili wavutwe. Usiruhusu kidato chako kiwe mshikio mwingine wa namna hiyo. Dereva atazame vioo vyote kabla ya kuondoka, na tena anapopunguza mwendo kilimani.

Tatu, usiweke jeki chini ya kidato. Hakikutengenezwa kubeba gari, na jeki ikiponyoka mtu aliye chini hana pa kukimbilia.

Baada ya juma la kwanza, kaza tena boliti zote, kwani vyuma vipya hujikalisha. Baadaye fanya hivyo kila unapobadilisha mafuta ya injini. Wakati wa mvua osha matope yaliyojificha juu ya mikono, na mahali palipochubuka ziba kwa rangi siku hiyo hiyo. Mpira uliosagika ubadilishwe mapema.

Kazi hii kwa mafundi wawili humalizika kwa nusu siku, na mwenye gari atafanya vyema kusimama karibu, akiwa na tepu mkononi. Kisha kabla ya kulipa, amwite mtu mwenye hatua fupi kuliko wote nyumbani kwake apande na kushuka mara tatu. Akishuka bila kuomba msaada na bila kuinamia mlango, kazi imekwisha. Akisita, kidato kishushwe tena kidogo, maana ni kwa ajili yake kilinunuliwa.