Moyo Hupimwa Ukiwa Kazini

Ndugu askari wa jeshi na polisi, shinikizo la damu la 140 kwa 90 na zaidi halibishi hodi. Mtu aweza kupanda vilima vya Kigali bila maumivu, ilhali mishipa ya moyo wake imekwisha anza kuziba. Moyo uliotulia huificha dosari hiyo. Daktari akishuku, humkimbiza mgonjwa juu ya mashine, au humpa dawa ya kuuendesha moyo mbio, na kuupiga picha kwa mawimbi ya sauti. Sehemu ya msuli ikishindwa kujikaza, hatari ya miaka ijayo ni kubwa. Zote zikijikaza vyema, hatari ni ndogo, ila haikutoweka. Basi majibu mema yasiwe ruhusa ya kuacha dawa. Na kukwepa kipimo kwa kuhofia majibu si ushujaa.