Hoteli mpya mtaani? Ulizeni kwanza habari za maji na choo

MTU akitangaza kwamba anataka kufungua hoteli ya chakula mtaani, swali la kwanza la wakazi huwa ni hili: Je, atawaandika kazi vijana wetu? La pili huwa ni bei ya sahani ya ugali na kuku. Maswali hayo ni ya haki kabisa. Lakini lipo jingine ambalo daktari angependa litangulie yote: Mpishi akitoka chooni atanawa wapi, na maji machafu yataelekea wapi?

Wakazi wengi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu hudhani kwamba jambo hili ni la miji mikubwa tu. Sivyo. Miji midogo ya mashambani inakua haraka, na mara nyingi hoteli hufika kabla ya bomba la maji. Tuchukue mfano wa Navakholo, Kaunti ya Kakamega, kwenye barabara inayotoka Kakamega kupitia Ingotse kuelekea Musikoma. Kwa miaka mingi eneo hili lilikuwa sehemu ya eneobunge la Lurambi, na lilichagua mbunge wake lenyewe kwa mara ya kwanza mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Kituo kinapokuwa makao ya kaunti ndogo, watumishi wa serikali huongezeka, bodaboda huongezeka, na wenye njaa saa saba mchana huongezeka pia.

Sasa tuseme chama cha wakazi wa kituo kama hicho kimeketi kuamua mambo mawili. Kwanza, fedha za michango zitumiwe kwa nini: kutengeneza chemchemi, kujenga choo cha soko, kuchimba mitaro au kuweka taa? Pili, mwenye ploti iliyo juu ya mteremko anataka kufungua hoteli kubwa. Je, wakazi waunge mkono au wapinge?

Mambo haya mawili huzungumzwa kama ajenda mbalimbali. Kiafya, ni jambo moja.

MAJI KWANZA

Magharibi mwa Kenya mvua ni nyingi, na familia nyingi huteka maji katika chemchemi na visima vifupi. Maji ya chemchemi huonekana safi, ni baridi na hayana harufu. Lakini chemchemi iliyo wazi huingiliwa na kinyesi cha ng'ombe, matope ya miguu na maji ya mvua yaliyopitia vyooni. Viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu havionekani kwa macho.

Habari njema ni kwamba dawa yake ilipimwa huku huku magharibi. Watafiti, akiwemo Michael Kremer ambaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019, walifuatilia chemchemi zipatazo 200 katika maeneo ya Busia na Butere-Mumias. Chemchemi hizo zilijengewa kwa mawe na saruji, maji yakatoka kwa bomba badala ya kutekwa kwa kuchovya ndoo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kwamba uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu robo.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine la kuzingatiwa. Maji yalipofika nyumbani, faida ilikuwa imepungua sana, kwa sababu mitungi ni michafu na mikono huingizwa ndani ya maji. Kwa hivyo chemchemi pekee haitoshi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, na mtungi uwe na kifuniko.

Basi mwenye hoteli akichimba choo cha shimo juu ya chemchemi hiyo, kazi yote ya wakazi itakuwa bure. Kanuni ambayo maafisa wa afya hufuata ni kwamba choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Hoteli inayohudumia watu 100 kwa siku si sawa na boma la watu sita. Shimo hujaa upesi, na maji ya kuoshea vyombo hutiririka tangu alfajiri hadi usiku.

MPISHI ASIYEUMWA

Wengi huamini kwamba mpishi mwenye afya nzuri hawezi kumwambukiza mtu. Kisa cha Mary Mallon, mpishi wa mjini New York, kinatufundisha vingine. Mwaka wa 1907 iligunduliwa kwamba familia nyingi alizozipikia zilikuwa zimepata homa ya matumbo, ilhali yeye mwenyewe alionekana mzima. Alitengwa, akaachiliwa mwaka wa 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka wa 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya akina mama kwa jina jingine. Watu 25 walikuwa wameugua, na wawili kati yao wakafa. Alitengwa tena hadi alipofariki mwaka wa 1938.

Katika kila watu 100 waliougua homa ya matumbo, kati ya mmoja na watano hubaki wakibeba viini kwa muda mrefu, mara nyingi katika mfuko wa nyongo. Hawana homa wala maumivu. Viini hutoka na choo kikubwa, na mikono isiyonawiwa huvifikisha kwenye sahani.

Ndiyo sababu wanaoshughulika na chakula nchini Kenya hutakiwa kupimwa na kupewa cheti kila baada ya miezi sita. Lakini cheti ni picha ya siku moja tu. Mpishi anaweza kupimwa Jumatatu na kuambukizwa Ijumaa. Isitoshe, vyeti vinaweza kutolewa ovyo ovyo. Mwaka wa 2017, baada ya watu waliohudhuria mikutano katika hoteli za fahari jijini Nairobi kuugua kipindupindu, Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt Cleopa Mailu, aliagiza vyeti vya wahudumu wa chakula vifutwe na wapimwe upya. Vitambaa vyeupe mezani havikuwakinga wageni wale.

Kinachokinga kila siku ni maji yanayotiririka na sabuni. Uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu asilimia 30. Si lazima liwe sinki la bei ghali. Kibuyu chirizi na kipande cha sabuni kando ya choo vinatosha, mradi maji yasikauke.

SHERIA INASEMAJE

Wakazi wengi hudhani kwamba kazi yao ni kulalamika tu. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 43 kinataja haki ya afya, maji safi na usafi wa kiwango kinachofaa. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wanaouza chakula kwa umma, pamoja na uzoaji wa taka.

Kwa hivyo chama cha wakazi hakina uwezo wa kutoa leseni wala kuizuia. Kina haki ya kusikizwa. Anayetaka kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ya biashara huhitaji idhini ya kaunti, na huo ndio wakati wa kutoa maoni kwa maandishi. Hoteli ikishafunguliwa na kuchafua mtaa, Sheria ya Afya ya Umma inakataza kero kama maji machafu na vyoo vinavyofurika, na afisa wa afya ya umma anaweza kumwandikia mwenyewe notisi ya kuiondoa. Ikiwa hoteli itauza pombe, sheria ya mwaka wa 2010 inataka iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni.

Nawashauri wakazi wamwite mwenye hoteli kwenye mkutano, wamsikilize kwa heshima, kisha wamwulize haya:

1. Maji yatatoka wapi, na yatatibiwa vipi?

2. Choo kitakuwa wapi? Kitakuwa umbali gani kutoka chemchemi, na kitazolewa na nani kikijaa?

3. Maji ya jikoni yataingia wapi? Je, kutakuwa na shimo la kunasa mafuta?

4. Taka na mabaki ya chakula yatazolewa mara ngapi?

5. Moshi wa kuni utapanda juu kwa bomba au utaingia katika nyumba za majirani?

6. Nyama na maziwa yatahifadhiwaje umeme ukipotea? Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili.

Akijibu vyema, aungwe mkono. Hoteli nzuri ni soko la kuku wa kienyeji, mboga za kunde na maziwa ya mama wa kijijini. Mapato nayo ni dawa: mama mwenye fedha humpeleka mtoto hospitalini mapema. Kumkataa mtu kwa sababu tu ni mgeni au ni tajiri si afya ya umma.

VIBANDA VISISAHAULIWE

Kuna hatari moja ambayo hujificha katika mijadala hii. Usafi unaweza kutumiwa kama fimbo ya kuwafukuza akina mama wanaouza chapati, maharagwe na mandazi vibandani, ili hoteli mpya isiwe na mshindani. Hilo si haki, wala halizuii ugonjwa. Mama wa kibanda anayepika chakula hadi kichemke na kukiuza kikiwa moto huenda ni salama kuliko hoteli inayopasha moto pilau ya jana. Asichokuwa nacho ni maji na choo.

Ndiyo maana, fedha zikiwa chache, ningeanza na chemchemi, kisha choo cha soko chenye mahali pa kunawa. Mitaro ingefuata, kwa kuwa Kakamega ni eneo la malaria na mbu huzaliana katika madimbwi. Taa nazo zina faida ya kiafya: mwanamke huogopa kwenda choo cha soko gizani, na choo kisichotumiwa hakimlindi mtu. Lakini taa haziwezi kumfaa mtoto anayekunywa maji machafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2015 kwamba chakula kilichochafuka huwaua watu 420,000 kila mwaka ulimwenguni, na 125,000 kati yao ni watoto walio chini ya miaka mitano.

MTU AKIANZA KUHARA

Usingoje. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka dukani au zahanati. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa. Koroga, anywe kidogo kidogo kila mara. Mtoto aendelee kunyonya. Akihara maji mengi yanayofanana na maji ya mchele, macho yakididimia, akilegea au akitoa damu, mkimbize hospitalini mara moja. Kipindupindu kinaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Homa inayodumu siku nyingi nayo isitibiwe kwa kubahatisha. Kipimo cha haraka cha damu kinachofanywa katika maduka mengi ya dawa hutoa majibu ya uongo mara kwa mara, na wengi humeza dawa za taifodi ilhali wana ugonjwa mwingine. Mwombe daktari akueleze ni kipimo gani amefanya.

Mkutano ujao wa wakazi ukiitwa, nendeni kwanza mpaka kwenye chemchemi, mkaangalie ploti ile iko upande gani. Mkishaiona, kura itakuwa rahisi.