Kipindi kimekupita? Namna ya kurekodi redio kwa kompyuta ya nyumbani

"Kile kipindi cha jana mtakirudia lini?" Hili ni swali tunaloulizwa sana na wasikilizaji wetu. Betri iliisha, mvua ilipiga kelele juu ya bati, au ulikuwa bado shambani. Redio haimsubiri mtu, na sisi hatuwezi kurudia kila kitu. Lakini mtu mwenye redio ndogo, kompyuta ya kawaida na waya mmoja anaweza kukutunzia kipindi. Pengine mtu huyo ni ndugu yako aliyeko mjini.

Tuchukue mfano. Mama anaishi kijijini wilayani Kilosa. Kijana wake anafanya biashara Kariakoo na amepanga chumba Jangwani, mwendo wa miguu kutoka sokoni. Mama anataka kipindi cha ufugaji wa kuku kinachorushwa na kituo cha FM cha Dar es Salaam, na kwake kituo hicho hakishiki. Redio yake ni nzima. Ila mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka kama mwanga wa tochi: mlima ukiyakinga au umbali ukizidi, yanaishia njiani. Kijana anayapata vizuri. Kazi yake ni kuyanasa na kumpelekea mama sauti.

Vifaa vinavyohitajika

Kwanza, redio yenye tundu la hedifoni. Pili, kompyuta, hata ya zamani. Tatu, waya wenye pini ya hedifoni pande zote mbili. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo uliza waya wa aux. Nne, programu ya kurekodia. Audacity ni ya bure na imekuwepo tangu mwaka 2000.

Pini moja inaingia kwenye tundu la hedifoni la redio, ya pili kwenye kompyuta. Kompyuta ya mezani huwa na matundu ya rangi: la kijani ni la spika, la waridi ni la maikrofoni, la bluu ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine. Tumia la bluu. Laptopu nyingi zina tundu moja tu, na waya huu ukichomekwa hapo mara nyingi haurekodi kitu. Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti inayochomekwa kwenye USB, yenye tundu lake la maikrofoni. Tundu la maikrofoni ni jepesi kuzidiwa, kwa hiyo anza na sauti ya redio ikiwa chini kabisa, kisha ipandishe taratibu.

Kurekodi hatua kwa hatua

Fungua programu, chagua tundu ulilochomeka, bonyeza kitufe chenye duara jekundu. Rekodi dakika moja ya majaribio kwanza. Tazama mistari ya sauti: ikigonga juu na chini kila mara, sauti imezidi na itakwaruza. Punguza sauti ya redio. Ikiwa mistari ni myembamba kama uzi, ongeza.

Ukisikia mvumo mzito, chomoa chaja ya laptopu na uendeshe redio kwa betri. Chaja na taa za kubana umeme huingiza kelele. Weka redio mbali kidogo na kompyuta, karibu na dirisha. Antena ya FM hufanya kazi vizuri ikivutwa kufikia kama sentimita 75. Mjini, mawimbi hugonga maghorofa na kurudi, hivyo sauti ikichakaa sogeza redio kidogo tu. Mara nyingi nusu mita inatosha.

Kama kijana yuko dukani wakati wa kipindi, Audacity inaweza kuanza na kuzima yenyewe kwa saa iliyopangwa. Hapa wengi hukosea. Kompyuta haijui saa zetu za Kiswahili. Kipindi cha saa 3 usiku kipange saa 21:00, cha saa 12 asubuhi kipange saa 6:00. Ukipanga saa 3:00 utaamka na rekodi ya saa 9 usiku.

Kufikisha kijijini

Ukimaliza, hifadhi kwa mfumo wa MP3. Rekodi ya nusu saa isiyobanwa inaweza kula kama MB 300. Ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64, ambayo inatosha kabisa kwa mazungumzo, inashuka hadi kama MB 14. Unaweza kuituma kwa WhatsApp, lakini bando la mama nalo lina gharama. Memori kadi ya GB 8 hubeba zaidi ya saa 250 za rekodi kama hizo, inaweza kusafiri na mtu anayekwenda nyumbani, na inacheza hata kwenye kiswaswadu chenye nafasi ya kadi. Lipe kila faili jina la kipindi na tarehe, la sivyo baada ya mwezi hamtajua lipi ni lipi.

Na wewe uliyeko kijijini, kagua simu yako. Simu nyingi ndogo zenye redio zina sehemu ya kurekodi. Chomeka hedifoni, maana waya wake ndio antena.

Mipaka yake

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakuruhusu kunakili kwa matumizi yako binafsi. Kuuza rekodi, au kuingizia watu nyimbo ulizorekodi redioni kwa malipo, ni jambo jingine. Kikundi kinachotaka kusikiliza kipindi pamoja hadharani kiombe ruhusa kituoni kwanza.

Usitunze nakala moja

Wakazi wa Jangwani wanalijua hili. Mwezi Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, watu wakapoteza maisha na mali, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Maji yakiingia chumbani hayachagui kompyuta wala kanda. Kwa hiyo ile kadi ya mama ina kazi ya pili: ni nakala iliyo mbali na maji.

Tunalisema hili tukijua historia ya redio yetu. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na baadaye ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi nyingi za muziki wa dansi katika studio zake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wanakijiji vilikusanyika kuizunguka redio vikijifunza kujikinga na malaria na kuhara. Sauti za miaka hiyo ziliwekwa kwenye kanda, na kanda huchakaa. Nyingine zilifutwa na wenye nazo wenyewe ili warekodi kitu kipya juu yake.

Kama kuna kaseti kabatini, ya kipindi cha zamani au sauti ya babu aliyerekodiwa harusini, waya ule ule na programu ile ile vinatosha. Chomeka kinasa kanda mahali pa redio, cheza, rekodi. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja, hakuna njia ya mkato. Safisha kichwa cha kinasa kwanza kwa pamba na spiriti, na anza na kaseti unayoithamini kuliko zote, kwa sababu kanda iliyozeeka inaweza kukatika ikichezwa mara nyingi.

Basi kipindi kikikupita tena, tuulizeni kama kawaida. Lakini muulize pia na ndugu yako wa mjini kama ana waya.